Kwa nini mtoto wa Moshi huchora Kilimanjaro kama pembetatu

Kila Januari, kidato cha kwanza kikishaingia, nawapa kazi ileile siku ya kwanza. Nafunga mapazia ya upande wa kaskazini, nagawa karatasi, nasema: chora Kilimanjaro, dakika kumi. Hakuna anayeuliza mlima una sura gani. Wameuona tangu wanabebwa mgongoni. Nikikusanya karatasi, arobaini na ushee, karibu zote zina pembetatu yenye ncha, na juu ya ncha kofia nyeupe, kama ule mlima wa kwenye fulana wanazouziwa watalii.

Halafu nafungua mapazia. Kwanza kimya, kisha kicheko. Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, haina ncha hata kidogo. Ukiwa Moshi unaona kuba pana, juu bapa, barafu imeshuka ubavuni kwa michirizi isiyolingana. Kulia kwake, kwa upande wa mashariki, kuna Mawenzi, imechongoka kama msumeno uliovunjika meno, mita 5149, kilele cha tatu kwa urefu Afrika, na karibu nusu ya darasa hawakuichora kabisa. Wanaipita kila siku wakija shule. Wenzao wa Arusha nawasamehe: Meru ukiutazama kutoka mjini unaikaribia sana pembetatu, mpaka uzunguke upande wa mashariki uone ubavu uliobomoka, ndipo unagundua kwamba kipande kizima cha mlima hakipo.

Watoto hawa hawakudanganya, wala mikono yao haina kasoro. Walichora wanachokijua. Kichwani wana alama inayosema "mlima", na mkono ukaifuata alama badala ya kufuata jicho. Kazi ya mwalimu wa uchoraji na upigaji picha sekondari ni kuvunja utii huo wa mkono kwa kichwa. Mengine yote, penseli, kamera, rangi, ni vyombo vya kazi hiyo moja. Wengi hawaielewi hivyo, na sishangai, kwa sababu jambo lenyewe limefungwa mafundo kadhaa. La kwanza ni jina.

Sanaa, usanii, na mzazi aliyelipa ada

Sema mbele ya watu kumi pale stendi kwamba unafundisha sanaa. Wengi watafikiria Bongo Fleva, wachache watafikiria maigizo, na mmoja atacheka, maana siku hizi usanii ni jina la utapeli: "Usinifanyie usanii hapa." Kwa lugha ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, zipo sanaa za maonyesho na zipo sanaa za ufundi. Hizi za ufundi ndizo za jicho na mkono: kuchora, kuchonga, kufinyanga, kusuka, kuchapa, na kwangu mimi kupiga picha pia. Kwenye cheti cha kidato cha nne somo huandikwa Fine Art, na mtihani wake una nadharia na vitendo. Shule zinazolifundisha si nyingi, na walimu wake hawapatikani kirahisi. Wengi ninaowajua walipita Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, chuo chenye jina katika kulea walimu wa sanaa, muziki na michezo. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa 2024, umeweka mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi, na sanaa bunifu imepata kiti upande wa amali. Shule za kimataifa, ambazo Arusha na Moshi zipo kadhaa, zinafuata ama mtaala wa Cambridge wa Uingereza ama ule wa kimataifa uitwao IB, na huko mwanafunzi anaweza kuchagua upigaji picha kama njia yake kuu ndani ya somo la sanaa.

Mwaka fulani alikuja ofisini mzazi mmoja, mfanyabiashara wa mbao. Hakukaa. Akasema, "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome. Kuchora atachora likizo." Nikamkaribisha kiti, tukaulizana habari za nyumbani, na alipokwisha kupoa akauliza swali ambalo nadhani hakukusudia liwe zito kiasi kile: "Na sasa kama mtoto hana kipaji, wewe unampaje alama?"

Swali hilo nitalirudia, kwa sababu halijibiki kabla hatujaona kinachofundishwa.

Mdomo wa sufuria

Wiki ya pili naweka sufuria mezani. Darasa zima linachora mdomo wake kama duara kamili, kwa sababu kila mtu anajua sufuria ni la mviringo, na kitako wanakichora kwa mstari ulionyooka, kwa sababu kila mtu anajua sufuria limekaa juu ya meza. Kwenye karatasi kinatokea chombo kisichowezekana: mdomo umetazamwa kutoka darini, kitako kimetazamwa kutoka sakafuni.

Sasa namwita mwanafunzi mmoja alishike sufuria kwa mikono miwili, aliinue taratibu. Wenzake wafumbe jicho moja, watazame mdomo tu. Sufuria likiwa sakafuni, mdomo unakaribia duara. Likipanda hadi tumboni, duara linabanwa, linakuwa kama yai. Likifika usawa wa macho, mdomo unapotea, unabaki mstari mmoja. Wanaomba lirudiwe. Nimelifanya zoezi hili miaka mingi na bado kuna anayesema "Aa!" kwa sauti, kama mtu aliyekuta hela kwenye koti la zamani.

Yako mazoezi mengine ya ukoo huohuo. Wachore stuli bila kuchora stuli, yaani wachore nafasi zilizo kati ya miguu yake. Nafasi hazina jina kichwani, kwa hiyo kichwa hakina la kuingilia. Wageuze picha juu chini, wainakili ikiwa hivyo. Wachore mkono wao wa kushoto bila kuitazama karatasi hata mara moja. Kinachotoka ni kituko, ila mistari yake ina uhai kuliko michoro yao yote ya nyuma. Na wajifunze kupima kwa penseli: mkono umenyooka, jicho moja limefumbwa, kidole gumba kinatelezeshwa kwenye penseli mpaka kilingane na urefu wa kitu.

Kwenye hayo yote kipaji kiko wapi? Kipo, sikikatai. Lakini angalia kwaya za Moshi. Usharika wowote una watu wa kawaida, mfanyakazi wa benki, muuza nyanya, fundi cherehani, wanaoimba sauti nne kwa nota za do-re-mi, na hakuna anayewaambia warudi nyumbani kwa kuwa hawakuzaliwa na koo la dhahabu. Walifundishwa kusikiliza, wakarudia na kurudia, mwisho sauti ya pili ikaacha kuifuata ya kwanza. Jicho nalo hufundishika namna hiyohiyo. Kwa nini tunaliamini hilo kwenye wimbo na kulikataa kwenye mchoro, sijawahi kuelewa.

Vifaa navyo husingiziwa mno. Penseli ya HB inatosha kuanzia. 4B au 6B ikipatikana ni heri, kwa sababu hutoa weusi wa kweli. Mkaa wa kuchorea tunautengeneza wenyewe. Vijiti vyembamba vilivyokauka vinapangwa kwenye kopo la maziwa, kifuniko kinatobolewa tundu moja dogo, kopo linawekwa motoni. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, mkaa umeiva. Kopo liachwe lipoe kabisa. Mwenye haraka akifungua likiwa la moto, hewa inaingia, vijiti vinashika moto mbele ya macho yake, na kipindi kinaisha na majivu.

Rangi zina habari yake, na hapa Kiswahili chenyewe ni mwalimu msaidizi. Rangi zetu zenye mizizi ya kivumishi ni tatu tu: -eupe, -eusi, -ekundu. Nyingine tumeziazima kutoka kwenye vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kile kiungo cha pilau ya manjano, zambarau ni tunda, na ile nyekundu iliyokolea hadi kuelekea weusi tunaiita damu ya mzee. Basi namuuliza mtoto: umesema kijani, ni jani la nini? La mgomba uliopigwa na jua kwa nyuma, au la mbuni chini ya kivuli? Hapo anainuka kwenda dirishani kuangalia, na akirudi anachanganya rangi tofauti na ile ya kwenye kopo.

Wakishajua kutazama, linakuja swali la pili: watazame nini? Wengi wanataka simba na twiga, na nawaelewa, ndizo picha zinazouzwa. Mtindo wa Tingatinga unajaza maduka ya Arusha hivi kwamba mtoto anadhani ndio uchoraji wenyewe wa Tanzania tangu enzi. Nawaeleza kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ya dukani, na alifariki 1972. Ni miaka minne tu, ya mtu mmoja aliyechora kwa namna yake. Kisha nawaambia habari za mtoto wa hapa kwetu. Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma na kufundisha uchoraji Makerere, na Tanganyika ilipopata uhuru akapelekwa London kuiwakilisha nchi. Mchoro wake wa mwaka 1956, wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, uko kwenye jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, MoMA, New York. Hauna simba hata mmoja. Alichora migomba, njia, na watu wanaotembea. Darasani wanaijua njia hiyo. Baadhi yao wameshatumwa dumu la mbege kwenye njia ya namna hiyo.

Kupiga picha bila kamera

Kwa Kiswahili picha "hupigwa", kama simu, kama pasi, kama deki. Neno lenyewe lina kasi, na nadhani ndilo lililowafanya watu waamini kwamba picha ni kubonyeza, basi. Tena mtu yule yule atakwambia mchoro ni kipaji na picha ni mashine, kana kwamba kimoja hakifundishiki kwa kuwa kigumu mno na kingine kwa kuwa rahisi mno.

Tatizo letu la kwanza ni la kiutawala: shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, na kamera za kugawia darasa zima hatuna. Zamani nililalamika. Sasa nalichukulia kama neema, kwa sababu nalazimika kuanza na karatasi ya manila iliyokatwa dirisha katikati, ukubwa wa kiberiti. Mwanafunzi anatoka nje nayo kwa dakika ishirini. Anaisogeza karibu na jicho, eneo linapanuka. Anaisogeza mbali, linabana. Anachuchumaa. Anapanda ngazi. Kazi yake ni kurudi na picha tatu ambazo hajazipiga, azieleze kwa maneno: nilisimama wapi, niliacha nini nje ya fremu, ukingo wa kushoto ulikata nini. Mwanafunzi anayeweza kuniambia kwamba alihama hatua mbili kulia ili nguzo ya umeme isitokee kichwani mwa mlinzi, huyo ameshaanza kupiga picha.

Hatua ya pili ni kamera yenyewe, na hii sharti tuingie ndani yake. Tunachagua asubuhi ya Februari, kabla ya saa mbili, mawingu hayajaufunika mlima. Madirisha yote ya darasa tunayaziba kwa nailoni nyeusi na selotepu, mpaka mtu asiweze kuona kiganja chake. Kwenye nailoni ya dirisha la kaskazini tunatoboa tundu moja, upana wa kidole cha shahada. Halafu tunakaa kimya, tukiutazama ukuta mweupe wa nyuma.

Dakika mbili za kwanza hakuna kitu, na wale wa nyuma wanaanza kunong'ona kwamba mwalimu amewaweza leo. Macho yakizoea giza, ukuta unaanza kuwa na rangi. Chini kabisa kuna bluu. Juu yake kitu cheupe kinaning'inia. Mtu mmoja anaelewa kwanza, kila mwaka huwa ni mmoja, anapiga kelele: "Ni Kibo! Imepinduka!" Mlima wote uko ukutani, miguu juu, theluji chini, na rangi zake halisi, na mbele yake bati za majirani na mpera wa shule ukitikisika. Mwaka jana mwalimu wa nidhamu alikatiza uwanjani wakati huohuo, akapita ukutani akitembea kichwa chini miguu juu, na nidhamu ya darasa ikaishia hapo.

Kinachotokea ni hiki. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Mwanga unaotoka kileleni hushuka kupitia tunduni na kutua chini ya ukuta; unaotoka kwenye nyasi hupanda kupitia tundu lilelile na kutua juu. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, aliuchunguza mwanga kwa majaribio ya vyumba vya giza yapata miaka elfu moja iliyopita. Ukubwa wa picha nao unahesabika kwa pembetatu zinazofanana za kwenye Hisabati. Kutoka mjini hadi kileleni ni kama kilomita 30 kwa mstari wa moja kwa moja, na kilele kiko takriban mita 5000 juu ya mji. Uwiano ni moja kwa sita. Darasa langu lina kina cha mita 6. Basi Kilimanjaro ukutani inapaswa kuwa karibu mita moja. Tunapima kwa rula ya ubaoni.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, kama kila kitu kimegeuka, mbona Mawenzi bado iko kulia?" Nilikaa kimya muda, sikuwa nimeliwaza. Jibu ni kwamba yeye mwenyewe amegeuka. Mlima anautazama akielekea kaskazini. Ukuta anautazama akielekea kusini. Mawenzi imehamia magharibi ya chumba kweli, lakini kwa aliyegeuka kuelekea kusini, magharibi ndiyo kulia. Nilimpa soda siku ile.

Tukiwa bado gizani nafunika tundu kwa karatasi yenye kitobo kidogo zaidi. Mistari ya picha inakuwa mikali, lakini picha inafifia hadi kukaribia kutoonekana. Natoa karatasi na kulipanua tundu: picha inang'aa, ila imekuwa ukungu. Hapo hakuna tena haja ya kukaririsha kwamba tundu la kamera lina bei yake. Lenzi ni kioo kilichobuniwa kupunguza bei hiyo, kuruhusu tundu kubwa na mistari mikali kwa pamoja, japo kwa umbali mmoja tu kwa wakati. Ndiyo maana tundu likifunguliwa sana, uso huonekana wazi na kilicho nyuma yake huyeyuka.

Baada ya hapo mipangilio ya kamera inaelezeka jikoni. Ukipika kwenye jiko la mkaa, una mlango wa jiko, una muda, na una kinachopikwa. Tundu la lenzi ni mlango wa jiko: ufungue sana, moto unakuwa mkali. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie, ni muda wa sufuria motoni. ISO, namba ya wepesi wa kamera kupokea mwanga, ni chakula chenyewe: 100 ni maharage, yanataka moto na subira, 3200 ni mchicha, unaiva ukigeuka tu. Kila kimoja kina gharama. Shata ikichelewa, bodaboda anayepita anakuwa mchirizi. ISO ikipanda sana, picha inaota chengachenga. Kwenye simu nyingi mlango wa jiko haufunguki wala kufungwa, umeachwa wazi kiwandani, kwa hiyo simu inacheza na hivyo viwili vilivyobaki. Wapiga picha wa zamani, wale wa mkanda wenye picha 36, hawakuwa na kipimo cha ndani ya kamera siku zote. Walijua kwa kichwa kwamba kwenye jua kali tundu ni namba 16, yaani dogo, na shata inafuata namba ya ISO ya mkanda: mkanda wa 100, sehemu moja ya mia ya sekunde, au ile iliyo jirani nayo. Kanuni hiyo naifundisha bado, na inafanya kazi kwenye kamera ya mwaka huu.

Uso mweusi, shati jeupe

Sasa kosa ambalo nimeliona mara nyingi kuliko yote, na linaloniudhi kuliko yote. Mtoto anampiga mwenzake, shati la sare jeupe, saa sita na nusu mchana, katikati ya uwanja. Shati linang'aa. Uso ni doa jeusi lenye meno.

Sababu ziko mbili, na zinasukumana. Jua kwanza. Tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana jua liko utosini au jirani yake mwaka mzima. Na utosi wenyewe hapa si saa sita kamili: saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo 45, Moshi iko 37, na ile tofauti ya nyuzi 8 ni kama nusu saa. Jua la utosini hujaza vivuli kwenye matundu ya macho na kuipa pua masharubu. Dawa haina gharama. Mpeleke mtu barazani, au asimame mlangoni mwa darasa hatua moja ndani, uso umeelekea nje. Mwanga unaingia kutoka mbele, umetulia, na mashavu yanapata umbo. Mwenzake akishika sinia la aluminiamu chini ya kidevu, hata kope zinahesabika.

Sababu ya pili iko ndani ya kamera. Kipimo cha mwanga hakijui kinatazama nini. Hudhani kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha kati. Kikiona shati jeupe limejaa fremu, kinashusha mwanga ili weupe uwe kijivu, na uso unazama pamoja na shati. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo, ipime pale, halafu utelezeshe kidole juu kidogo kama bado. Shati likipoteza mikunjo yake, poa. Hatukuja kupiga shati.

Nyuma ya hilo kuna historia ambayo kidato cha tatu huisikiliza bila mimi kugonga meza. Tangu miaka ya 1950 Kodak ilisambaza kwenye maabara za kusafisha picha kadi ya rejea yenye mwanamke mweupe. Mafundi wakaziita kadi za Shirley, kwa jina la mwanamke wa kadi za mwanzo. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabika kuwa iko sawa. Kwa hiyo fungua albamu ya harusi ya bibi na babu yako ya rangi, uone. Yule mpiga picha aliyewageuza wawe vivuli viwili nyuma ya keki huenda alikuwa fundi mzuri kabisa, aliyekuwa akifanya kazi na mkanda na karatasi vilivyopimwa kwa ngozi ya mtu mwingine.

Alama za mzee wa mbao

Turudi kwa yule mzazi. Mtoto asiye na kipaji unampaje alama?

Nilimtolea kazi mbili kutoka kabatini, bila majina. Ya kwanza simba, ametulia, manyoya yamechorwa moja moja kwa penseli, kazi ya mwezi mzima, imenakiliwa kutoka kwenye kalenda. Ya pili jiko la bibi: mafiga matatu, kuni, ukuta wenye masizi, mstari mmoja wa mwanga ukiingia kati ya mbao. Mchoro huu wa pili ulikuwa na kasoro, figa moja limelalia upande. Lakini ulikuja na karatasi nyingine tano: jiko likitazamwa kutoka mlangoni, kutoka chini, mafiga matupu, jaribio la kuchora moshi kwa kifutio juu ya mkaa, na ukurasa ulioandikwa kwa nini ameamua kumtoa bibi kwenye picha. "Ipi ina alama zaidi, mzee wangu?" Akanyooshea simba bila kusita.

Nikamweleza. Kwa utaratibu wa Cambridge, ngazi ya IGCSE, mtihani wao wa sekondari, alama zinagawanywa sawa katika mafungu manne: kurekodi ulichokiona kwa macho yako, kujaribu vifaa na namna mbalimbali, kulikuza wazo kutoka hatua hadi hatua, na kuifikisha kazi mwisho wake. Mwanafunzi huwasilisha karatasi hadi nne za ukubwa wa A2 zinazoonyesha safari pamoja na kazi moja ya mwisho, kisha kuna kazi ya mtihani inayofanywa kwa saa 8 chini ya usimamizi. Simba wa kalenda anapata kitu kwenye fungu la nne, na kidogo sana kwingine: aliyemwona simba ni mpiga picha wa kalenda, aliyeamua pembe ni yeye, aliyeamua mwanga ni yeye. Jiko la bibi linaokota alama kwenye mafungu yote. Kwenye mtihani wetu wa taifa, kazi ya vitendo ya muda mfupi hupima zaidi mkono wa siku ile, na hapo simba angeweza kujitetea vizuri kidogo. Mimi naona mfumo wa kwanza una haki zaidi kwa mtoto wa kawaida, na nawaandaa wanafunzi wangu kwa daftari la michoro hata pale ambapo hakuna atakayelidai.

Kwenye picha za kamera nafanya vivyo hivyo. Sitaki picha moja nzuri. Mtu yeyote anaweza kuibahatisha. Nataka 24 za kitu kimoja, zimepangwa kwenye karatasi moja kwa mfuatano zilivyopigwa, moja imezungushiwa kalamu nyekundu, na mistari mitatu ya kuniambia kwa nini ni hiyo. Hapo naona kila kitu: alianza mbali kwa woga, akasogea, akakosea, akachoka, ya kumi na saba akainama.

Mzee wa mbao alilishika lile jiko, akaligeuza kuelekea dirishani. "Hii kuni ni mgrevilea," alisema. "Imepasuliwa mbichi." Hakusema kama amekubali. Mtoto alibaki kwenye somo.

Picha ni ya nani

Limebaki jambo moja ambalo silabasi hulipita haraka na mimi silipiti. Watoto wa Arusha na Moshi wamepigwa picha na wageni maisha yao yote, wakiwa wanachota maji, wakiwa na kamasi, bila kuulizwa. Sasa wao ndio wanashika kamera, na kitu cha kwanza wanachofanya ni hichohicho kwa mama wa sokoni. Sheria ipo: tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini darasani naanza na adabu ya kawaida. Unasalimia, unajitambulisha shule unayotoka, unaomba. Ukikubaliwa unapiga, unaonyesha ulichopiga. Ukikataliwa unashukuru na kununua ndizi.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu, nilimwazima simu yangu ya zamani, alikwenda Kiboriloni siku ya soko akapiga kwanza akaomba baadaye. Mama aliyekuwa nyuma ya mkungu wa ndizi akamwita: "Hebu nione." Akatazama. "Hiyo futa, mwanangu. Njoo Jumanne, nitakuwa nimevaa kitenge."

Jumanne akarudi. Picha aliyoniletea ina mama amesimama wima, kitenge cha samawati kimepigwa pasi, ndizi zimepangwa kwa ukubwa, amekaza uso kama mtu anayesubiri kitambulisho cha taifa. Nikamuuliza ile ya kwanza ilikuwaje. Akasema mama alikuwa anacheka na mtu wa pembeni, mkono uko hewani, mwanga unatoka nyuma kupitia turubai la bluu. Nikamuuliza, kweli umeifuta? Akasema, kweli. Nikaenda kwenye kapu la picha zilizofutwa kuhakikisha, na huko pia hakukuwa na kitu. Nikasahihisha ile ya kitenge.